Uyunani na ustaarabu: Wagiriki walifika wapi katika bahari zetu?



Kuna hoja imekuwa ikizunguka baina yetu hapa Ghuba kila wanapokutana Waswahili wawili watatu wenye kupenda vitabu. Mmoja atasema Wagiriki waliiteka dunia, na hata sisi watu wa pwani tulipata mwangaza wao, kwani si kitabu chao ndicho cha zamani kabisa kinachotutaja? Mwengine atamrukia hapo hapo: porojo tupu, hakuna Mgiriki aliyetawala hata kisiwa kimoja kutoka Ras Hafun mpaka Sofala, hizo ni hadithi za Wazungu wanaotaka kila jambo jema liwe limetoka kwao. Mie nakaa kati. Sikai kati kwa kuogopa ugomvi, ila naona wote wawili wanabishania suali moja, nani alimteka nani, na suali hilo halitufikishi mbali. Ninalolitaka mie ni hili: kitu cha kigeni kikikutwa mahali ambapo upanga haukufika, nani alikileta, na nani alikitaka?

Ghuba hii tunayoishi ni mahali pazuri pa kuliuliza, kwa sababu ndipo upanga wa Alexander uliposimama.

Alexander, yule ambaye wazee wetu wakimwita Iskandari, alikufa Babeli mwezi wa Juni mwaka 323 KK. Hilo linajulikana. Lisilosemwa sana ni alikuwa akishughulika na nini wiki zile za mwisho. Alikuwa akijitayarisha kuja huku. Arrian, aliyeandika katika karne ya 2 BK akitegemea vitabu vya watu waliofuatana na Alexander mwenyewe, anatueleza mambo kwa urefu: merikebu zilivunjwa vipande vipande pwani ya Foinike, zikabebwa nchi kavu hadi mto Furati, zikaungwa upya na kuteremka na maji mpaka Babeli, bandari ikachimbwa ya kutosha manowari 1,000, mtu mmoja akapewa talanta 500 za fedha aende Foinike na Shamu kukodi na kununua mabaharia. Sababu iliyotangazwa ni kuwa Waarabu hawakuleta wajumbe wa kumtambua. Arrian haitii maanani sana sababu hiyo. Kwa maoni yake mtu yule alikuwa hashibi, basi.

Na njaa yake ilikuwa na harufu. Plutarch anasimulia kuwa Alexander alipokuwa kijana, mwalimu wake Leonidas alimkaripia kwa kuteka ubani kwa viganja viwili na kuutia motoni: ngoja kwanza uiteke nchi unakotoka ubani, ndipo uufuje namna hiyo. Mwaka 332 KK, baada ya kuuvunja mji wa Gaza, mwanafunzi alimpelekea mwalimu wake talanta 500 za ubani na 100 za manemane, na ujumbe kuwa sasa aache ubakhili mbele ya miungu. Watu huisoma hadithi hii wakacheka. Mie siwezi kucheka sana, kwa sababu Arrian anasema wanaume wa Gaza walipigana mpaka wakafa wote, na wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Na ubani wenyewe haukuotea Gaza. Ulitoka Arabuni ya kusini na nchi ya Wasomali, ukafika kule kwa mgongo wa ngamia. Kwa hiyo alichokichukua Gaza ilikuwa ghala tu. Mti wenyewe ulikuwa bado uko mbali, nyuma ya bahari hii.

Basi akatuma wapelelezi. Archias alifika Tylos, ndiyo Bahrain ya leo, akaona asiendelee. Androsthenes wa kisiwa cha Thasos akasonga mbele zaidi. Hieron wa Soli ndiye aliyekwenda mbali kuliko wote. Alikuwa ameamriwa aizunguke Arabuni yote mpaka Misri, akarudi njiani na kusema kuwa nchi ile ni kubwa ajabu, inakaribia India. Mtu anayetoka Bahrain kuelekea mlango wa Ghuba hana njia ya kuikwepa rasi hii ya Qatar, kwa hiyo Hieron alipita mbele ya pwani hii tunayotembea jioni. Qatar haijulikani kuwa na ngome ya Kigiriki wala hekalu. Jeshi lilikuwa liondoke siku chache baadaye, homa ikamshika mfalme, na vita vya Arabuni vikafa pamoja naye.

Hapa nataka kukaa kidogo na huyu Androsthenes, maana kitabu chake kimepotea lakini vipande vyake vimebaki kwa Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle aliyeandika habari za mimea. Androsthenes hakuona mambo ya vita tu. Aliona mashamba ya pamba Bahrain. Aliona miti inayoota ndani ya maji ya chumvi, majani yake mabichi mwaka mzima, maji yakijaa inasimama baharini na yakitoka inabaki matopeni. Mtu wa Lamu au wa Rufiji hahitaji kuelezwa zaidi. Hapa Qatar miti hiyo iko mpaka leo, ukenda Al Khor na Al Thakhira utaiona, ni ile tunayoiita mchu. Boriti zenyewe, zile za kuezekea nyumba, mchu hautoi. Ndiyo maana nyumba za zamani za Doha zilifunikwa kwa boriti za mikoko kutoka pwani yetu, na upana wa vyumba vyao ukafuata urefu wa boriti zetu.

Aliona jambo jengine. Theophrastus anaandika kuwa kisiwani Tylos kuna mti wenye vijani vingi vidogo, ambao usiku hujifunga, jua likichomoza huanza kufunguka, adhuhuri unakuwa wazi kabisa, na jioni unajikunja tena pole pole. Na wenyeji, anasema, husema kuwa mti ule unalala. Wataalamu wa mimea wanaona kuwa huo ni mkwaju, na kwamba maelezo haya ni ya mwanzo kuandikwa juu ya mmea unaokunja majani usiku. Mkwaju asili yake ni Afrika. Tazameni basi safari ya khabari hii: mti wa kwetu uliopandwa Bahrain, maneno ya mkulima wa Bahrain ambaye jina lake hatulijui, sikio la baharia wa Thasos, kalamu ya mwanachuoni wa Athens. Vitabu vya historia vinaita jambo hili elimu ya Kigiriki. Ni kweli aliyeandika ni Mgiriki. Lakini aliyejua kuwa mti unalala ni yule mkulima.

Baada ya Alexander majemadari wake waligawana nchi. Seleucus alichukua Babeli na Uajemi, na watu wa ukoo wake ndio waliokuja kuweka askari Ghuba. Kisiwani Failaka, kama kilomita 20 kutoka mji wa Kuwait, walijenga ngome ya mraba, kila ubavu kama mita 60, na ndani yake mahekalu. Wakakiita Ikaros, jina ambalo Arrian anasema lilitolewa na Alexander. Wachimbuaji kutoka Denmark walianza kuifukua ngome hiyo mwaka 1958, lakini tangu 1937 lilikuwa limeshaonekana jiwe ambalo Soteles, mtu wa Athens, na askari wenziwe walimwandikia Zeus Mwokozi, Poseidon na Artemis Mwokozi. Askari wa Athens na jua la Agosti la Ghuba! Namuonea huruma, na naelewa kwa nini kila mungu aliyemtaja alimtaka amwokoe.

Katika hekalu moja la Failaka vichwa vya nguzo ni vya mtindo wa Kiioni, kama vya kwao Wagiriki, lakini vitako vya nguzo hizo hizo ni vya mtindo wa Kiajemi. Juu Mgiriki, chini Mwajemi, jengo moja. Tena kabla Wagiriki hawajakaa, Arrian anasema, kisiwani tayari palikuwa na patakatifu pa mungu wa kike na mbuzi ambao hakuna aliyewawinda ila kwa kafara. Wagiriki walimwita Artemis. Wenyeji walikuwa wakimwita jina lao, na sidhani waliacha. Kuna na barua ya mfalme iliyochongwa kwenye jiwe, ikizungumzia kuhamishwa kwa hekalu, mashindano ya michezo, na ardhi. Hapa, kwa hiyo, palikuwa na utawala wa Kigiriki hasa: ngome, askari, ardhi, barua ya mfalme. Siukatai. Nasema tu kuwa palikuwa ni mahali padogo.

Sasa tutoke Failaka tuje upande huu wa bara. Kulikuwa na mji ukiitwa Gerrha, ambao wengine wanauweka Thaj na wengine karibu na Hofuf, kote ni Mashariki ya Saudia ya leo. Watu wake walikuwa matajiri wa ubani. Mwaka 205 KK mfalme Antiochus wa Tatu alirudi kutoka vita vya mashariki akapitia Ghuba na jeshi la majini. Watu wa Gerrha hawakumpiga na hawakumfungulia milango. Walimwandikia barua, na Polybius anasema ilibidi itafsiriwe, wakimwomba asiwaondolee kile walichopewa na miungu, yaani amani ya daima na uhuru. Akawakubalia. Nao wakamtukuza kwa talanta 500 za fedha, 1,000 za ubani na 200 za mafuta ya manemane. Akaenda Tylos, kisha akarudi kwao. Kwa lugha ya mtaani, walimpa chochote aende zake. Mwalimu wa historia atauliza: huu ni ushindi au si ushindi? Mfalme aliuhesabu kuwa ni ushindi. Gerrha iliendelea na biashara yake.

Lakini hawa hawa walioomba wasiguswe ndio waliojichukulia mambo ya Kigiriki kwa mikono yao. Mfanyabiashara wa Gerrha anatajwa katika hesabu za mahekalu ya Delos, kisiwa cha Wagiriki wenyewe, kwa alivyovitoa huko. Na Waarabu wa pande hizi za mashariki walifua sarafu za fedha kwa kuiga zile za Alexander: upande mmoja kichwa kilichovaa ngozi ya simba, upande wa pili Zeus amekaa kitini. Ila maandishi yakabadilika. Badala ya jina la Alexander wakaandika majina ya watawala wao, na penye sarafu za mwanzo wakatia herufi moja ya Arabuni ya kusini ambayo wataalamu wanaisoma kuwa ni ya Shams, mungu-jua wao. Mleiha, katika nchi ya Sharjah, imepatikana kalibu ya kufulia sarafu za namna hiyo. Hakuna aliyewalazimisha. Sarafu yenye sura ile ilikuwa ikikubaliwa kila soko kutoka Shamu hadi India, basi wakaichukua sura wakaweka jina lao. (Hata neno kalibu lenyewe, kwa wanaofuatilia asili ya maneno, Waarabu walilipata kwa Wagiriki, kwao ilikuwa kalibu ya fundi viatu.)

Bahrain ina ushahidi unaonishangaza zaidi. Katika miaka ya 1990 lilionekana jiwe la Kigiriki ambalo ndani yake mtu aitwaye Kephisodoros, aliyekuwa mkuu wa Tylos na visiwa, anawatolea hekalu miungu pacha walinzi wa mabaharia, kwa ajili ya mfalme Hyspaosines na malkia Thalassia. Hyspaosines ni jina la Kiirani. Alikuwa liwali wa Waseleuko kwenye mdomo wa mito, Iraq ya kusini, na dola yao ilipoanguka akajifanya mfalme mwenyewe. Thalassia ni jina la Kigiriki, maana yake wa bahari. Jiwe hilo ni la miaka ya 120 na kitu KK. Maana yake nini? Lilipochongwa, utawala wa Kigiriki ulikuwa umeshaondoka Ghuba. Na bado liwali wa kisiwa cha Waarabu, chini ya mfalme mwenye jina la Kiirani, anaandika Kigiriki. Kama utamaduni ule ulikuwa umeletwa na upanga tu, upanga ulipoondoka ungeondoka nao.

Neno tunalolitumia kwa mambo haya lina historia yake. Wagiriki walikuwa na neno hellenismos, na mwanzo lilihusu kusema Kigiriki safi. Kwa maana ya kufuata mila za Kigiriki, tunalikuta katika kitabu cha pili cha Wamakabayo, na pale ni neno la lawama: Myahudi anawalaumu Wayahudi wenziwe wa Jerusalem kwa kujenga uwanja wa mazoezi ya uchi na kuiga wageni. Baada ya hapo mtoto wa yule Antiochus wa Tatu, Antiochus wa Nne, aliingiza nguvu kweli kweli, akalinajisi hekalu lao mwaka 167 KK, na matokeo yake yalikuwa vita. Kwa hiyo anayesema Uyunani ulienea kwa amani peke yake naye anatudanganya. Katika miaka ya 1830 Mjerumani Droysen alilichukua neno hilo akalifanya jina la zama nzima. Tangu hapo watu wa Babeli, Misri, Bahrain na Uhabeshi wamewekwa chini ya jina la jirani yao mmoja.

Sisi tunalijua jambo hili kwa ndani, maana tuna neno letu la aina hiyo hiyo. Ustaarabu. Asili yake ni Kiarabu, kujifanya Mwarabu, kuwa kama Mwarabu. Watu wa pwani walikuwa na neno uungwana, na wanahistoria wa pwani wameeleza jinsi ustaarabu ulivyolisukuma kando katika karne ya 19, wakati wa Mabusaidi. Tukisema leo mtu mstaarabu hatufikirii Uarabu hata kidogo, tunafikiria adabu. Lakini neno limekaa pale, na kila tukilitamka linampa mgeni sifa ya kazi ambayo mwenyeji aliifanya mwenyewe. Uyunani na ustaarabu ni ndugu. Yote mawili yanamtaja aliyeigwa, na aliyechagua nini aige na nini aache hatajwi.

Sasa tuvuke Arabuni tuingie Bahari ya Shamu, upande wetu wa Afrika. Misri ilikuwa mikononi mwa akina Ptolemy, na shida yao kubwa ilikuwa ndovu. Waseleuko walikuwa na ndovu wa India kwa vita, akina Ptolemy hawakuweza kuwapata. Basi Ptolemy wa Pili akatuma watu kusini, wakaanzisha vituo pwani ya Sudan na Eritrea za leo, kimoja kikaitwa Ptolemais ya Mawindo, wakawakamata ndovu wa Afrika na kuwasafirisha kwa merikebu. Mwaka 217 KK huko Raphia, karibu na Gaza, ndovu 73 wa Ptolemy wa Nne walikabiliana na ndovu 102 wa India wa Antiochus wa Tatu, huyu huyu wa Gerrha. Ndovu wa Afrika, anasema Polybius, walikimbia, ingawa vita alishinda Ptolemy. Hivyo ndivyo Afrika ya mashariki ilivyoingia katika ugomvi wa Wagiriki: kwa kunyang'anywa ndovu. Miji haikutekwa.

Vituo vile vilififia, lugha ikabaki. Kitabu cha safari za bahari hii, kile kiitwacho Periplus, kilichoandikwa na mfanyabiashara Mgiriki wa Misri katikati ya karne ya 1 BK, kinamtaja Zoskales, mtawala wa upande wa Adulis na Aksum. Kinamwita mtu mgumu wa mkono, anayetaka kila siku aongezewe, lakini muungwana katika mengine, na mjuzi wa kusoma na kuandika Kigiriki. Hakuna jeshi la Kigiriki nchini mwake. Alijifunza kwa sababu wateja wake walikuwa wakiandika Kigiriki.

Wafalme wa Aksum walikwenda mbali zaidi. Walipoanza kufua sarafu katika karne ya 3 BK maandishi yake yalikuwa ya Kigiriki. Karne ya 4 mfalme Ezana aliandika ushindi wake juu ya mawe kwa Kigiriki, kwa Ge'ez, na kwa herufi za Arabuni ya kusini. Na ukilinganisha utaona ujanja wa kazi: penye Ge'ez mfalme ni mwana wa Mahrem, penye Kigiriki ni mwana wa Ares. Mungu ni mmoja, kapewa jina ambalo msomaji wa upande ule atalielewa. Karibu mwaka 525, Cosmas, mfanyabiashara wa Iskandaria, alipita Adulis, liwali akamwomba anakili maandishi mawili ya Kigiriki yaliyokuwa pale. La kwanza ni la Ptolemy wa Tatu akijisifu kwa vita na ndovu zake. La pili ni la mfalme wa Aksum, jina lake limepotea, akijisifu kwa nchi alizoziteka yeye mpaka ng'ambo ya bahari, na kumshukuru Ares. Mawili hayo yalikuwa mahali pamoja. Mmoja ni mtekaji aliyetoka Misri, mwengine ni mtekaji wa Kiafrika aliyechukua lugha ya mtekaji wa kwanza akatangazia yake. Kama hiyo ni kutekwa kiakili, basi Mhabeshi yule hakuwa na khabari.

Tufike nyumbani. Periplus huyo huyo anashuka Ras Hafun, anapita pwani anayoiita Azania, anataja kisiwa cha Menouthias na vyombo vyake vya kushonwa, na anaishia Rhapta, soko la mwisho. Huko wananunua pembe za ndovu, pembe za kifaru, magamba ya kasa. Wanaleta mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo. Penginepo wanaleta mvinyo na ngano, na anasema wazi kuwa si za kuuza, ni za kupata mapenzi ya wenyeji. Na juu ya pwani ile wana mamlaka watu wa Yaman, kutoka Muza, wanaotoza ushuru na kutuma manahodha Waarabu waliozoea mahali, wakaoa huko, na wanaijua lugha. Mgiriki hana mamlaka yoyote hapo. Yeye ni mpita njia anayeandika bei.

Lakini jina! Rhapta ni neno la Kigiriki, maana yake vilivyoshonwa, na mwandishi mwenyewe anasema mji umepewa jina hilo kwa mashua zake za kushonwa. Kabla ya Kilwa, kabla ya Shanga, jina la mji wetu katika maandishi ni maelezo ya kazi ya fundi wa mtepe. Wenyeji walikuwa wakiuita vyao, na jina hilo hatunalo. Mgiriki alitazama kamba kwenye mbao, akaona kitu ambacho kwao hakipo, akakifanya jina. Ptolemy mwanajiografia, karne ya 2, anaiita Rhapta mji mkuu. Mahali pake hapajapatikana, wengi wanapadhania delta ya Rufiji, na ni huko Rufiji ambako Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitangaza mwaka 1999 kuwa amepata shanga za Kirumi. Shanga ni kitu kidogo. Zinathibitisha biashara. Hazithibitishi utawala, na wala hazithibitishi kuwa aliyezivaa alikuwa anajiona nusu Mgiriki.

Nawaomba msione kuwa narefusha bure. Hoja hii ndiyo ile ile tuliyoteswa nayo kuhusu miji yetu. Miaka mingi waliosoma vigae vya Uajemi na misikiti ya mawe walisema hapa palikuwa na koloni la Waasia. Kisha Mark Horton akachimba Shanga miaka ya 1980, akakuta msikiti juu ya msikiti, wa chini kabisa wa miti, ndani ya mji wa wenyeji. Wengine wakaruka upande wa pili wakasema hakuna mgeni aliyekuja, Ushirazi ni uzushi. Mwaka 2023 ukatoka uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani zamani: upande wa mama zao ni Afrika kwa sehemu kubwa, upande wa baba umo Uajemi, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Na lugha waliyozungumza watoto wao ilikuwa ya mama. Yaani wageni walikuja, wakaoa, na wakajifunza Kiswahili, kama wale manahodha wa Muza miaka elfu moja kabla yao. Kambi zote mbili zilikasirika kidogo, jambo ambalo mie huliona dalili njema.

Na kwa wale wanaosema hatuna lolote la Kigiriki, wafungue mdomo tu. Kalamu na karatasi, tumepewa na Waarabu, nao asili yake wameichukua kwa Wagiriki. Falsafa, jiografia, zumaridi, almasi, Injili, askofu, hata Ibilisi. Ratili ya sokoni ilitoka kwenye litra yao. Dirhamu ni drakhma, ikapita kwa Waajemi kwanza. Riyali ya Qatar inagawanywa dirhamu 100, kwa hiyo kila anayelipwa mshahara Doha anahesabiwa kwa sarafu ya Athens. Hata jina Wayunani tumelipata kwa Waarabu, ambao walilipata kwa Waioni. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililoletwa pwani na Mgiriki. Yamekuja mkono kwa mkono, kila mmoja kwa shida zake: huyu anataka kuandika mkataba, yule anataka kupima dhahabu, yule kumlaani shetani.

Katika Maktaba ya Taifa hapa Doha, baina ya ramani za kale zilizohifadhiwa, zimo zilizochorwa kwa kumfuata Ptolemy. Arabuni imechorwa pana kuliko ilivyo, na miji imepangwa kama mtu aliyesikia majina tu kwa manahodha. Ndivyo ilivyokuwa: Ptolemy anawataja kwa majina mabaharia waliompa khabari za pwani yetu kupitia kwa Marinus wa Tyre, Diogenes, Theophilus, Dioscorus. Wenyeji waliowaambia hao umbali na siku za safari hakuwataja.

Nina ombi moja kwa watu wa Lamu, Pate na Mafia walio miongoni mwetu. Ule msemo wa kuwa mkwaju unalala usiku, au ule wa kukatazana kukaa chini yake jioni, unasemwa vipi kwenu, na kwa maneno gani khasa? Mwenye kuujua kwa kuusikia kwa wazee, si kwa kitabu, atuandikie.

Wasalaam.